Shuka Kumi na Mbili

Daftari la dobi lilisema mia mbili na arobaini.
Nilihesabu mara mbili, ya tatu nikavua koti:
mia mbili ishirini na nane.

Mimi ni mtu wa hesabu. Nimepanda Kilembe
kutoka ofisi ya Kasese mjini na kalamu mbili nyekundu,
na wizi nimeuona wa kila rangi:
dawa zinazopanda boda usiku,
godoro linaloota miguu,
dizeli ya jenereta inayonywewa na panya.

Nikamwita Ithungu.

Akaja ametanguliza mikono, kana kwamba ni ya mtu mwingine
aliyempa amshikie: imebabuka kwa jiki, kucha zimelainika,
miaka kumi na tisa ndani ya karai.
Hapendwi sana hapa, nilikwisha kuambiwa.
Hugombana na manesi kwa damu iliyoachwa ikauke,
"Maji baridi, papo hapo! Nani aliwafundisha kazi?"
na salamu yake ni fupi kama subira ya mdai.

"Shuka kumi na mbili," nikasema. "Zimeibiwa lini?"

Akanitazama kama mtu atazamavyo doa
analojua litatoka, ila litamchosha.
"Hazikuibiwa. Zimezikwa."

Nje, mto Nyamwamba ulikuwa ukisaga mawe yake.

Kisha akahesabu, macho ameyafumba.
Ya kwanza, mzee wa mgodi wa shaba
aliyebakiwa na kikohozi tu; simu za wanawe
ziliita, zikaita, zikazimwa.
Ya nne, mwanamke aliyevuka Mpondwe na mimba ya miezi minane,
hakuna aliyejua ukoo wake wamlilie kwa jina gani.
Ya saba, kijana wa boda:
pikipiki yake ilipata mwenyewe kabla yake.
"Gari la kuzika huja na turubai. Turubai, Bwana!
Mtu si mahindi."
Ya kumi na mbili aliipasua katikati
kwa mtoto aliyeishi tangu adhana ya alfajiri
hadi chai ya saa nne.
Nusu ilimtosha, ikazidi.
Nusu nyingine ndiyo pazia lile, akanionyesha dirisha,
kwa hiyo nisiandike kumi na mbili,
niandike kumi na moja na nusu.

Akafungua fundo la kitenge.
Risiti. Elfu tano, elfu tatu, elfu saba,
mwezi uliokuwa na ada ya shule, elfu moja.
"Nimebakiza tatu. Mwezi wa Disemba nitamaliza."

Nilizijua risiti zile. Nakala zake zilipita mezani kwangu
miaka miwili, chini ya "mapato mengineyo,"
na kila moja niliitia saini
bila kuuliza ni mapato ya nini.

Fomu ina vyumba vitatu:
imeibiwa, imepotea, imechakaa.
Kalamu ikasimama. Wino ukafanya nukta,
nukta ikanenepa, ikawa kama kidonda kwenye karatasi.

"Andika upesi," akasema. "Milima imevaa kofia.
Mvua ikinikuta, nafua upya mia moja."

Nikachora chumba cha nne kwa mkono, upande upande,
nikaiacha fomu chini ya mche wa sabuni,
nikamfuata uani.

Shuka zilikuwa zimejaa upepo, zinavuta kamba
kama mbuzi waliosikia chui.
Nikashika ncha mbili, yeye mbili.
Nikakunja kama nikunjavyo barua.

"Si hivyo, Bwana Hesabu. Pindo kwa pindo.
Vuta. Sasa njoo."

Nikavuta. Nikaja. Vidole vyetu vikagusana,
vyake vikali kama msasa, akaninyang'anya zile ncha,
akaniachia mkunjo.
Tone la kwanza likanipiga sikioni.
Zilikuwa zimebaki tisini.